Majivu ya Jikoni Kwenye Korongo la Tandala

Hivi nyie, ukipewa kifuko kitupu ukaambiwa jaza majivu twende mlimani tukatafute tandala, utachota majivu ya wapi? Jibu kimoyomoyo kwanza. Msiniangalie mie. Mie hilo swali nishawahi kulikosea, na mpaka leo, nimekaa zangu hapa Chamazi kwenye mkeka, miguu nimeinyoosha, nikilikumbuka vinyweleo vinanisimama.

Anayenirekodi kwenye simu ni Shamsa, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu ninayekaa kwake. Hapa ananiambia, "Bibi ongea, inahesabu." Haya, naongea. Maneno haya ni yenu nyie treka wapya mnaoingia kambini Jumamosi, na Shamsa naye ni mmoja wenu. Treka ndiye anayetangulia mbele ya wawindaji, anasoma nyayo, anasema mnyama kapita wapi na saa ngapi. Kazi hiyo nimeifanya mpaka kiangazi kilichopita, magoti yakakataa. Shule niliishia darasa la pili. Kuandika naandika jina langu tu, Somoe, na nalo nakunja uso kama nabeba gunia. Kwa hiyo mtasikiliza. Na habari za nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini, kawaulize wengine, mie hizo sina hamu nazo.

Nilianza kama muosha vyombo. Msicheke. Kambi ileile, kule kwetu kusini, chini ya ile milima. Wageni walikuwa wanakuja na leseni zao, na wengi walikuwa wanamtaka tandala dume, yule mwenye pembe za kujisokota. Sasa tandala wa kiangazi si mchezo. Majani yamekauka, ukikanyaga yanalia kama bisi kwenye sufuria. Ardhi ngumu, unyayo hauingii. Kuna wageni walipanda siku tatu, siku tatu wanarudi na vumbi jekundu na sura za msibani.

Siku ya nne asubuhi nimeinama pale maji ya vyombo yanapomwagikia, naona kwato. Mbili ndefu, zimechongoka mbele, zimezama vizuri kwenye tope. Nikaenda mezani na aproni yangu ya masizi. Aliyekuwa anaongoza uwindaji ni Bwana Nassoro, Mwarabu wa Kipawa, wazazi wake wana duka la vitambaa kule. Nikamwambia, "Bwana, huyo tandala wenu mnayemfuata mlimani anakuja kunywa maji yangu ya vyombo."

Wakacheka mpaka chai ikawapalia. Mmoja akasema, "Mama, labda ni mbuzi kavaa viatu."

Asiyecheka alikuwa mmoja tu, Mzee Ndauka, treka mkuu. Mngindo mwenzangu, mfupi, mkavu, neno moja kwa siku likizidi sana mawili. Aliweka sahani chini, akaja, akachuchumaa.

"Lini?"

"Alfajiri, Mzee. Kabla kunguru hawajaja."

"Umejuaje?"

"Si hao kunguru wamekanyaga juu ya kwato zake?"

Akaangalia. Akainuka. Akasema, "Kesho hizo sufuria aoshe mwingine."

Basi hivyo ndivyo nilivyoingia kazini. Viatu alinipa vyake vya zamani, vimeliwa soli, nikasema Mzee hivi vimekwisha. Akasema vya kwisha ndivyo vinavyonyamaza.

Alichonifundisha kwa ajili ya kiangazi nawapa chote, bure. Moja, usitembee sana. Watu wanadhani kutafuta ni kutembea. Ile saa ya kwanza ya asubuhi majani yana unyevu kidogo, hayapigi kelele, hapo panda. Jua likishayakausha, kaa chini. Kaa mahali unaona upande wa pili wa bonde, uangalie kivuli kimoja kimoja kama unachambua mchele. Tandala mzima humwoni. Utaona sikio linafukuza nzi. Utaona mstari mweupe ubavuni, wewe unasema ni kijiti, kijiti kinageuza kichwa.

Unyayo kwenye ardhi kavu usiuangalie ukiwa na jua mgongoni, hautauona. Lielekee jua, uinamishe kichwa, kivuli cha ukingo wake kitakwambia. Ukiupoteza usitembeetembee ukavuruga, simama kwenye ule wa mwisho uweke kijiti, mwenzio ndiyo azunguke. Kinyesi kivunje kwa vidole. Ndiyo, kwa vidole, mnaona kinyaa na simu zenu mnazoshika chooni! Kikiwa kinang'aa na ndani kijani, yupo karibu. Na jioni angalieni tetere, wale njiwa wa porini, wanaporukia, maana kiangazi kikikaza maji yanabaki sehemu moja au mbili, na mnyama hata awe mjanja vipi, atakunywa.

Halafu hayo maji ndiyo kaburi. Maana si tandala peke yake ana kiu. Nyati ana kiu, simba ana kiu, na tembo mwenye mtoto ana kiu na hasira juu.

Ndiyo maana kuna majivu. Kifuko kidogo cha kitambaa, unakitikisa, vumbi linatoka, unaona upepo unakwenda wapi. Mnyama macho yake unaweza ukayadanganya, pua yake huiwezi. Mzee Ndauka kwa majivu alikuwa na sheria yake. Moto wa majivu unawashwa peke yake, pembeni, vijiti vikavu tupu, haupikiwi kitu. Majivu yakipoa unayachekecha kwenye kipande cha kanga kuukuu mpaka yawe laini kama poda ya mtoto. Tulikuwa tunawasha huo moto kila baada ya siku mbili. Mie niliona ni mambo ya wazee tu. Nikawa nasema moyoni, majivu si majivu tu jamani?

Sasa subirini ninywe maji.

Kulikuwa na kiangazi kimoja, kiangazi gani kile! Mito yote ilikatika. Mlima mzima maji yalibaki kwenye korongo moja, tunaliita Korongo Jembamba. Ni mpasuko kwenye mwamba, kuta huku na huku, ukinyoosha mikono unakaribia kuzigusa. Ndani kabisa, panapotanuka, ndipo kuna chemchemi. Asubuhi ya siku ile nilichelewa kuamka. Kifuko changu kitupu, moto wetu wa majivu haukuwashwa jana yake, zamu ilikuwa yangu na nilisahau. Bwana Nassoro anapiga honi. Mie mbio jikoni kwa wenzangu wa zamani, chini ya chuma walichochomea nyama jana, nikachota majivu, nikafunga kifuko, nikapanda gari. Mzee Ndauka akaniuliza, "Umejaza?" Nikamwambia, "Nimejaza, Mzee." Na kweli nilijaza.

Tulikuwa wanne. Mie, Mzee Ndauka, Bwana Nassoro na mgeni mmoja mtu mzima, mpole, alikuwa ananisaidia hadi kubeba maji. Saa nne hivi tukamwona tandala dume amesimama kivulini. Mgeni akapiga. Tandala akaruka, akapotea. Tukaenda pale, tukakuta damu, kidogo tu, nyeusi, ishaanza kukaukia kwenye jiwe.

Hapo hakuna tena kuchagua. Mnyama uliyemjeruhi unamfuata, sheria inataka na utu unataka. Tukafuata. Tone hapa, hatua ishirini hamna kitu, tone pale. Jua linapanda. Chupa zimebaki na maji ya kulowesha mdomo tu. Na mie kila nikiinua kichwa nikiangalia anapoelekea, naona ni kulekule, Korongo Jembamba. Kajeruhiwa, ana kiu, angekwenda wapi kwingine?

Tukafika mdomoni mwa korongo jua likiwa utosini. Damu inaingia ndani. Na kwenye mchanga pale kuna nyayo za tembo, pana kama sinia, na pembeni yake nyingine ndogo kama sahani za chai. Mzee Ndauka akazigusa. Akanyoosha kidole, mkojo bado una povu.

Akanong'ona, "Somoe. Upepo?"

Alikuwa na maana kwamba kama upepo unatoka ndani unakuja kwetu, tutaingia, tutawaona kabla hawajatusikia harufu, tutasubiri wanywe waondoke kwa njia ya juu. Kama unatoka kwetu unaingia ndani, basi haturuhusiwi kuweka hata kidole. Yeye macho yalishaanza ukungu, vumbi dogo halioni tena. Kwa hiyo hilo neno lilikuwa langu.

Nikatikisa kifuko. Majivu yakatoka, yakaanguka wima. Puu, chini, miguuni pangu. Nikatikisa tena. Wima.

Sasa nisikilizeni hapa vizuri. Shingo yangu kwa nyuma ilikuwa na jasho, na lile jasho lilikuwa la baridi. Baridi, jua lile! Upepo ulikuwa unanipuliza kisogoni. Ngozi yangu ilikuwa inaniambia. Lakini nikaangalia majivu, nikaangalia chini, nikasema, "Umelala, Mzee."

Akaniamini. Akaingia wa kwanza.

Tulikwenda kama hatua hamsini. Kimya, nyie, kile kimya mpaka unasikia mate yako. Nikasikia tumbo la tembo linanguruma kule mbele, kale kamngurumo wanakonguruma wakiwa wametulia. Halafu kakakatika. Kakakatika palepale, kama mtu kazima redio. Mzee Ndauka akainua mkono. Nikamwona anageuza kichwa pole pole, ananiangalia mie, na ile sura sijaisahau. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anauliza.

Mama mtu akatokea kwenye kona, masikio wazi, na korongo lote likajaa. Hakupiga kelele kwanza. Wale wanaopiga kelele wanatisha tu. Huyu alikuja kimya. Bwana Nassoro akapiga risasi hewani, mawe yakamwagika, mgeni akaanguka, Bwana Nassoro akamburuta kwa ukosi. Mzee Ndauka akanisukuma mie kwenye ufa wa mwamba, kwa nguvu nisizojua alizitoa wapi, na yeye akabaki nje, akaanza kukwea ukuta. Nikaona mkonga unaingia ule ufa. Unanitafuta. Unanusa. Ule unyevu wa pua yake ulinigusa hapa, begani. Nilikojoa, siwafichi. Nilisema shahada yangu nikaisahau katikati.

Risasi ya pili hewani. Nikasikia jiwe kubwa linang'oka, nikasikia Mzee Ndauka anaanguka nalo. Halafu mtoto wa tembo akalia kule nyuma, mama akageuka kumfuata mwanawe. Kama yule mtoto asingelia, leo Chamazi hii mngekuwa mnamrekodi mwingine.

Mguu wa Mzee ulikuwa umevunjika chini ya goti, mfupa nje. Tukamtoa hadi mdomoni mwa korongo, kwenye kivuli, Bwana Nassoro akaita gari kwa redio, wakaja watu na kamba. Tandala tulimkuta kwa juu, amelala ameshakufa, hakuifikia chemchemi. Lakini hayo yalikuwa baadaye. Wakati tunasubiri gari, Bwana Nassoro akawasha sigara. Nikaona moshi. Moshi wa sigara ulikuwa unakwenda moja kwa moja, umelala kama uzi, unaingia ndani ya korongo.

Nikatikisa kifuko changu. Majivu yakaanguka wima.

Nikayashika. Yana mafuta. Nikayanusa, nyama choma. Majivu mazito, yamenywa mafuta, hata upepo wa kupeperusha kanga usingeyabeba. Nikamwaga yote, nikayafukia kwa kiatu.

Mzee Ndauka amelala pale, uso umekuwa wa kijivu, akafungua macho. "Somoe, uligeuka? Upepo?"

Alikuwa ananipa mlango wa kutokea jamani. Au alikuwa anauliza kweli, sijui, na sitajua.

Nikasema, "Uligeuka, Mzee. Ulikuwa umelala, ukageuka ghafla."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejifunza kitu kipya uzeeni. Akafumba macho.

Na huo ndio uwongo wangu. Mngedhani uliishia pale. Mguu wake haukunyooka tena, mlimani hakurudi, wakamfanya mwalimu wa treka hapo kambini. Na yule mzee asiyesema maneno mawili akaanza kuwafundisha vijana, "Korongo Jembamba, jua likiwa utosini, upepo unalala kidogo, halafu unageuka. Ukitaka kupita, pita haraka wakati umelala." Maneno yangu hayo! Akayafanya somo. Mie nipo pembeni, namenya muwa, nasikia, namung'unya, simezi.

Nimeliangalia lile korongo miaka yote niliyobaki, na majivu safi. Alfajiri upepo unashuka, unatoka ndani. Jua likishapasha mawe, unageuka mara moja tu, unaingia ndani, na unaingia hivyohivyo mpaka jioni. Saa sita haulali. Haujawahi kulala. Vijana wawili waliwahi kulipita saa sita kwa somo lile, wakatoka mbio wamepoteza hadi kofia. Watu wakacheka, mie nikaenda nyuma ya hema nikatapika. Toka hapo nikiongoza mie, tulizunguka kwa juu. Wakiniuliza, nasingizia magoti. Hata kabla hayajauma.

Mzee Ndauka alipofariki, arobaini yake nilikwenda. Watu wanasimulia habari zake, wanasema hakuna aliyejua upepo kama yule. Pilau lile nilikula kama nakula mchanga. Nilikuwa nimepanga kumwambia. Kila mwaka nilipanga. Mwaka huu ana homa, mwaka huu ana wageni, mwaka huu kafurahi mno nisimharibie.

Haya, juzi Jumatatu. Nipo hapa nje na kisu changu, nachambua mchicha. Kule uwanjani kulikuwa na mechi, watu wakapiga ukelele wa goli, na mie nikisikia kishindo kile bado huwa nashtuka, mchicha ukamwagika. Shamsa katoka kwenye semina yao huku mjini, anaokota mchicha, anacheka. "Shikamoo Bibi. Unaogopa hata mpira!" Akakaa. Akaanza kunisomea alichoandika kwenye daftari, anajivuna maskini, anataka nimsifie. Anasoma, "Korongo Jembamba. Saa sita upepo unalala. Pita haraka."

Kisu kikanitoka.

"Nani kawaambia hivyo?"

"Si somo la marehemu Mzee Ndauka, Bibi? Wewe si ulikuwepo siku yenyewe? Mwalimu katuambia, muulizeni Bi Somoe, yeye ndiye shahidi."

Shahidi. Nilikaa siku mbili sili. Binti yangu akadhani ni malaria, akanipeleka kupima. Haikuonekana. Ingeonekana vipi? Nilikuwa namwona huyu mtoto, na viatu vyake vipya, mdomoni mwa lile korongo jua likiwa utosini, nyuma yake upepo unaingia, na mbele kamngurumo kanakatika.

Kwa hiyo nasema sasa, na nyie wote mnasikia. Upepo haukugeuka siku ile. Majivu yalikuwa ya jikoni, nilichota mie, na nikadanganya. Futeni hilo kwenye madaftari yenu. Korongo Jembamba ni alfajiri tu, kwa kuingilia chini. Mawe yakishapata moto, zungukeni kwa juu hata kama mgeni ananuna. Na kama shingo yako inakwambia kitu na kifuko kinakwambia kingine, rudi nyuma, kaa chini, uchekeche majivu upya.

Shamsa hapa kashika simu. Sasa ananiuliza, "Bibi, hii kweli niitume kwenye grupu? Wapo na watoto wa Mzee Ndauka mle."

Tuma.

"Watakusema."

Waniseme. Mie ninachokiogopa si mdomo wa mtu. Ila na wewe niambie kitu kimoja kabla hujabonyeza: siku ukikosea wewe, utafanyaje? Hebu acha kuangalia simu, niangalie machoni.

Kaniangalia. Halafu akasema, na mie sikumlisha maneno, haya ni yake: "Bibi, moto wa majivu nitauwasha mwenyewe, pembeni, haupikiwi kitu. Na siku nikikosea, nakuahidi, nitasema kabla sijavua viatu."